Sauti Baada ya Makofi

Sauti ya marehemu Bwembya iliwekwa kwenye mtandao siku ya Jumatano. Kufika Ijumaa, Bwembya aliye hai hakuwa tena na kijiji. Aliyeitafuta sauti hiyo, akaisikiliza, akasema ni nzuri, iwekwe, alikuwa Hippolyte, rafiki yake.

Hippolyte hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Pweto, upande wa Kongo, aliyevuka ziwa Mweru kuja Zambia pamoja na mkewe Agnès na binti yao Arlène wakati bunduki zilipofika hadi shambani kwao. Walikaa miaka kadhaa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wakalima, wakaona udongo hauwapendi. Agnès akaanza kuuza chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa hili, na biashara ikawavuta hadi pwani, upande wa Kabuta. Aliyewapa pahali pa kujenga na shamba la muhogo alikuwa Bwembya, mkuu wa kijiji.

Hakuwapa kwa huruma. Siku ya kwanza alimwuliza Hippolyte swali moja tu: wewe ukoo gani? Hippolyte akasema yeye ni Chui. Bwembya akacheka hadi akashika magoti, kwa sababu yeye alikuwa Mbuzi. Chui na Mbuzi ni watani, huku Zambia na kule Kongo vilevile. Mbuzi anamtukana Chui hadharani, Chui anamnyang'anya Mbuzi kofia, na hakuna wa kukasirika. Tena siku ya msiba ni mtani anayechimba kaburi, anayeingia jikoni kwa wafiwa bila hodi na kula cha kwao mpaka wacheke. Mtu asiye na mtani anazikwa kimya kama mbwa. Kwa hiyo Bwembya alipompa Hippolyte shamba, alikuwa anajiwekea mzishi wake karibu.

Tangu hapo asubuhi zao zilianza namna moja.

"Chui, umeamka? Nasikia Zambia imekufuga mpaka unakula majani."

"Nakula paka sombe tu, majani ya muhogo," Hippolyte alikuwa akijibu. "Sababu nikikula nyama ya mbuzi, nani atabakia mukubwa wa kijiji?"

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walicheka kila siku, ingawa maneno yalikuwa yaleyale.

Kazi ya maktaba ilimjia Hippolyte kwa sababu ya lugha. Pale mjini Nchelenge kuna misheni ya zamani yenye jengo refu la matofali, nusu lake ni vitabu vilivyoliwa na mchwa. Nyuma kabisa, ndani ya kabati la chuma, kulikuwa na makopo ya kanda za sauti. Padri mmoja wa Kizungu alizunguka pwani yote miaka ya hamsini na mashine yake ya kunasa sauti, akanasa nyimbo za wapiga makasia, kwaya, wazee wakisimulia walikotoka. Kisha akazeeka, akarudi kwao, akafa, na makopo yakabaki. Watu wa shirika moja la nje ya nchi wakasikia habari zake. Wakamtuma Thelma, mkutubi kutoka Mansa, na kompyuta na mashine ya kuchezea kanda hizo, ili hazina iliyofichwa itolewe nje, kila mtu aisikie kwenye simu yake.

Thelma alihitaji mtu wa kusikiliza kila kanda na kumweleza ilichobeba, halafu aseme maneno machache ya Kiswahili kwa ajili ya watu wa ng'ambo ya ziwa. Hippolyte alikuwa ameacha shule mapema, lakini Kibemba alikijua tangu Pweto na sauti yake ilikuwa safi. Akawa anapanda baiskeli asubuhi, anavaa visikizio, anakaa na wafu mpaka mchana.

Ilikuwa kazi nzuri, hilo lazima lisemwe. Mama mmoja wa Mununga alimsikia mama yake mzazi akianzisha wimbo kanisani, sauti ya msichana ambaye bado hajamzaa. Alituma ujumbe wa kulia tu, hauna neno hata moja. Vijana wa Lubumbashi walichukua wimbo wa makasia wakautia ngoma. Wavuvi wa Kilwa, ile ya Kongo, waligombana kwenye ukurasa wa maktaba juu ya nani hasa alikuwa akikohoa nyuma ya kwaya. Thelma alifurahi, na wenye fedha za mradi walifurahi zaidi, wakataka makopo yote yaishe kabla ya mvua.

Sasa Bwembya naye alikuwa na shida yake.

Kwenye nchi hii ya Luapula jina la mkuu halifi. Mjomba akifa, mpwa wake anavishwa jina, na pamoja na jina anapewa kiti, ndugu, madeni na matendo yote ya marehemu. Bwembya wa leo akisimulia kijiji kilivyoanza husema "mimi nilivuka", "mimi nilijenga", ingawa aliyevuka alikufa kabla bibi yake hajazaliwa. Hakuna anayemwona mwongo. Ndiye yeye. Lakini habari za nyumba ni za namna mbili. Kuna zile za nje, zinazosimuliwa mbele ya watu. Na kuna za ndani, ambazo mkuu anamwambia mrithi wake peke yake, mlango umefungwa. Habari za ndani za nyumba ya mwenzako huruhusiwi kuzitaja hata kama unazijua. Huo ndio mwiko uliokuwa umeshikilia vijiji vingi vya pwani hiyo.

Mjomba wa Bwembya alipatwa na ugonjwa uliomfunga ulimi kwa muda wa wiki moja, kisha akafa. Alimwangalia mrithi wake wiki nzima bila kuweza kusema. Kwa hiyo Bwembya alirithi kiti na habari za nje tu. Watu walijua. Kijana mmoja aitwaye Obvious, wa nyumba ya Luse, nyumba nyingine ya kijiji hicho, alikuwa akisema waziwazi kwenye vilabu vya pombe kwamba mkuu asiyejua ya ndani ni sawa na mlinzi wa lango. Tena wazee wa baraza la chifu walikuwa wamepanga kuja mwezi huo kuthibitisha wakuu wa vijiji upya. Kila kijiji kingetakiwa kumtaja mkuu wake mbele yao.

"Chui," Bwembya alimwambia Hippolyte, "humo kwenye makopo yenu, sauti yangu haimo?"

"Yako?"

"Ya Bwembya. Padri yule alifika hapa. Wazee walikuwa wakisema alinasa sauti. Ukiipata uitoe. Hawa watoto waisikie, wanyamaze."

Hippolyte aliitafuta, akaipata nyuma ya makopo mengine, imefunikwa na gazeti. Aliiweka kwenye mashine akavaa visikizio. Sauti ilikuwa nzito, ya Bwembya wa zamani, kabla ya mjomba, mtu aliyezoea kusikilizwa.

Mimi ni Bwembya, ilisema. Nilitoka magharibi, nikafuata mto mpaka ulipoingia ziwani. Nilikuta pwani haina moshi. Nikaangusha mti, nikachonga mtumbwi. Wa kwanza kutupa wavu hapa ni mimi. Waliokuja nyuma yangu niliwaonyesha pa kulala. Akina Luse niliwaonyesha pa kulala.

Ikaendelea hivyo kwa muda mrefu, tamu kabisa. Mwisho mzee akasema, nimemaliza. Yakafuata makofi, yale ya viganja vilivyokunjwa, ya polepole, ya watu wengi waliokaa chini. Hippolyte, peke yake ndani ya chumba cha vitabu, akapiga makofi naye. Kisha akavua visikizio akainuka.

Kosa lake ni hilo tu, na mtu mwingine yeyote wa pwani ile angelifanya. Mzee akishasema amemaliza na makofi yakapigwa, unaondoka. Kubaki umekaa ukimtolea macho ni kumwambia hukushiba, au kwamba unamshuku. Hippolyte alilelewa vizuri. Alitoka nje akala muhogo wa kuchoma chini ya ukuta. Mashine ilibaki ikizunguka yenyewe, na kompyuta ikapokea kila kitu mpaka kanda ilipoisha.

"Umesikiliza yote, Ba Hippolyte?" Thelma aliuliza.

"Yote, Madame. Mpaka makofi."

Thelma akaamini. Alikuwa na rundo la makopo mezani.

Siku ya Jumatano Bwembya aliazima spika ya kanisa, akaiunganisha na simu yake, akaiweka pwani mahali pa kuanikia dagaa, akaita watu. Walikuja karibu wote. Luse alikuja pia, mkubwa wa nyumba yenye jina hilo na mwanamke mzee kuliko wote kijijini, akatandikiwa mkeka. Sauti ya marehemu ikapita juu ya maji. Watoto walikaa kimya. Obvious alisimama pembeni, mikono kifuani, na ilipofika pale pa kuonyeshwa pa kulala alitazama pembeni. Mzee alipomaliza na makofi yakalia kwenye spika, kijiji kizima kikapiga makofi juu yake. Luse naye alipiga, anaangalia mchanga. Bwembya akazima simu.

"Umenisikia, Chui?" alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Wakati nachonga mitumbwi, wewe ulikuwa msituni unanyonya."

"Nimesikia. Mbuzi ameogelea muto nzima bila kulia. Singeamini kama mashine haingesema."

Walicheka. Ilikuwa mara ya mwisho.

Upande wa pili, bandarini Pweto, kulikuwa na mfanyabiashara mmoja anaitwa Dany, anayejulikana pwani zote mbili. Alikuwa akipakia magunia, mikono imejaa uchafu wa samaki, simu yake inacheza kanda hiyo mfukoni mwa shati. Makofi yalipita, hakuweza kuizima. Ikafuata kimya kirefu. Kuku analia mbali. Mlango ukafungwa. Halafu sauti ileile, sasa chini, ya mtu anayeongea na mtu mmoja.

Wametoka? ilisema. Basi padri, niliyosema ni ya nje. Nakupa ya ndani kwa sababu nimekwisha zika warithi wawili, na naogopa. Mama yetu wa kwanza hakuwa Mbuzi. Alikuwa Chui, msichana wa ng'ambo. Mtumbwi wa wajomba zake ulimwangusha mtu wa nyumba ya Luse, akafa majini. Wakamtoa msichana kama fidia, akae pahali pa marehemu. Huyo ndiye aliyetuzaa. Pwani ni ya akina Luse. Wakati ule walikuwa wamebaki wanawake na watoto, wakatuweka tuwashikie. Hawajatudai. Iweke hii pahali ambapo hata watoto wetu wakilewa hawataifikia.

Sauti nyingine, ya Mzungu, ikajibu kwa Kibemba kibovu: nimesikia, mzee.

Dany hakuwa na nia mbaya. Aliona ni jambo la kushangaza, akakata kile kipande akakituma kwa wenzake watatu. Alhamisi asubuhi kipande kilikuwa kimevuka ziwa.

Agnès alirudi nyumbani kabla ya saa yake, beseni bado limejaa. Hakulitua.

"Baba Arlène, ile kanda uliisikiaka mpaka mwisho?"

"Niliisikia."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka makofi. Unanihoji sawa polisi, kwa nini?"

Alimpa simu. Hippolyte alisikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza alirudisha nyuma akasikiliza tena, kama kwamba mara ya pili mzee angebadili maneno.

"Soko nzima iko nayo," Agnès alisema. "Bale bamama ya kwa Luse banacheka na mimi. Banasema, shikamoo, mutumwa wa kwetu. Banasema mara hii sisi Bachui tulijileta siye wenyewe."

Hippolyte alipanda baiskeli hadi Nchelenge. Thelma alisikiliza kile kipande mara moja, akafumba macho, kisha akaifuta kanda yote kwenye ukurasa.

"Nimefuta," alisema. "Ukurasa unaonyesha waliofungua ni zaidi ya mia nne. Waliovuka kile kimya ni kumi na mmoja tu."

"Dany peke yake alitosha, Madame."

"Nilipaswa kusikiliza mwenyewe. Ilikuwa kazi yangu."

"Alisema ifichwe. Umesikia? Yule muzee alifikiri maktaba ni sanduku."

"Na mimi nimefundishwa kwamba maktaba ni mlango." Hakulisema kwa kujitetea. Alilisema kama mtu anayeliona jambo lisilopendeza na hawezi kuliondoa mbele yake.

Hippolyte alirudi akamkuta Bwembya nyuma ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, simu imelala chini mbele yake. Hakumwita Chui. Hilo Hippolyte alilisikia kabla hajasikia kitu kingine.

"Ulisikiliza yote?" Bwembya aliuliza.

"Mpaka makofi."

"Hata mimi nilizima kwenye makofi." Aliisukuma simu kwa mguu. "Kumbe ndicho mjomba alichokuwa anataka kuniambia. Wiki nzima ananiangalia. Nilifikiri ana maumivu."

"Mi njo mwenye nimekuua, mukubwa."

"Usiniite mukubwa." Aliinua macho. "Mama yetu alikuwa Chui. Unajua maana yake?"

Hippolyte alijua. Alikuwa amelifikiria njia nzima juu ya baiskeli. Mwanadamu wa huku anafuata ukoo wa mama yake. Kama mama wa kwanza alikuwa Chui, Bwembya ni Chui, na Chui kwa Chui ni ndugu. Ndugu humtukani. Ndugu humnyang'anyi kofia. Ndugu ukifiwa naye unakaa chini unalia, na kaburi linachimbwa na wengine.

"Ni kusema uko ndugu yangu," Hippolyte alisema.

"Ndiyo."

Maneno yote waliyokuwa nayo yalikuwa ya utani.

Baadaye Bwembya akasema, "Nenda kwa Luse. Mimi siwezi kwenda. Mwambie kesho wazee wa baraza watakuja, habari imewafikia, hawatangoja siku waliyopanga. Mwambie aseme neno moja tu. Aseme yule mzee alikuwa akimchezea Mzungu. Akisema yeye, Obvious atanyamaza."

Luse alikuwa akichambua maharage. Hippolyte alikaa chini, akapiga makofi ya salamu, akamwita Mayo, yaani mama, kama watu wote walivyomwita, akatoa ujumbe. Mzee hakuacha kuchambua.

"Mama yangu aliniambia nikiwa msichana," alisema. "Nimekula na Bwembya watatu. Nimewapikia. Hakuna siku niliwatazama vibaya. Wewe uliniona nikiwatazama vibaya?"

"Hapana, Mayo."

"Angekuja mtu wa nje kusema maneno hayo, ningesema ni mwongo, na ningeapa. Hata Obvious angesema ningemchapa na hiki kijiko. Lakini aliyesema ni nani?"

Hippolyte aliokota punje ya maharage iliyoanguka.

"Ni Bwembya," Luse alisema. "Amekaa mbele ya watu amesema kwa mdomo wake, habari za nyumba yake. Nitamwambiaje Bwembya kwamba Bwembya ni mwongo? Ya nyumba ya mtu sitaji. Sikutaja alipokuwa juu, sitataja sasa."

"Mayo, ile ilikuwa muzee mwingine. Alikufa zamani."

Hapo Luse alimtazama, karibu kwa huruma. "Nyinyi wa Pweto mmekaa na vita mpaka mmesahau. Kama yule ni mwingine, basi huyu ni nani?"

Ijumaa wazee wa baraza walifika watatu na gari la kukodi, wakakaa kwenye viti vya kanisa chini ya turubai. Kijiji kilikaa sehemu mbili bila kuambiwa. Wajomba na wapwa wa Bwembya upande wa ziwa, akina Luse upande wa barabara. Obvious alikuwa amevaa shati jeupe. Hippolyte alikaa nyuma, peke yake, maana hakujua tena upande wake.

Mzee mkubwa wa baraza alicheza kile kipande kwenye simu yake, akakiacha kifike mwisho. Hakuna aliyepiga makofi.

Hippolyte alisimama. "Baba zangu, naomba. Kosa ni langu mimi. Mimi njo nilitoa hii kanda."

"Uliongeza neno?"

"Hapana."

"Ulipunguza?"

"Hapana."

"Basi kaa."

Akakaa.

Mzee akamgeukia Bwembya. Alimwuliza kwa adabu, hata kwa upole. "Sauti hii ni ya nani?"

"Ni ya Bwembya."

"Na wewe ni nani?"

Upepo ulikuwa ukigonga turubai. Hippolyte aliona kwamba rafiki yake alikuwa na njia mbili tu, na zote zilitoka nje. Akisema mimi si yule, basi hakurithi kitu, kiti hakikuwa chake tangu mwanzo. Akisema mimi ndiye, basi amekwisha sema mwenyewe pwani ni ya nani. Suwilanji, binti wa dada yake, alikuwa ameketi karibu naye, amevaa sare ya shule. Alikuwa amemshika mjomba wake mkono wa shati kama mtoto mdogo, ingawa alikuwa msichana mkubwa.

"Mimi ni Bwembya," alisema.

"Basi umesikia ulichosema."

"Nimesikia."

Mzee aliuliza kama kuna mwenye neno. Watu wote walimtazama Luse. Luse alikuwa akitazama mchanga, vilevile kama Jumatano, na hakufungua mdomo. Obvious aliinuka akafungua wa kwake, akaufungua muda mrefu.

Hakuna aliyemfukuza Bwembya. Hilo watu wa nyumba ya Luse wanalisema mpaka leo, na ni kweli. Walimwambia anaweza kubaki kama mtu wa kawaida. Lakini mtu aliyekuwa anasema "mimi niliwaonyesha pa kulala" hawezi kuamka kesho aombe kuonyeshwa. Jina walilichukua, na pwani ikarudi kwa akina Luse. Akarudi kuitwa Gershom, jina alilobatizwa, na wengi walikuwa hawalijui, ikabidi waulizane.

Aliamua kuvuka, yeye na watu wa nyumba yake. Alimwomba Hippolyte majina ya Chui waliobaki upande wa Pweto, na Hippolyte akamtajia watu ambao yeye mwenyewe aliwaacha alipokimbia, akamwelekeza kijiji ambacho alikiona kikiungua.

"Kule hakuna kintu," alimwambia. "Bunduki ingali inapita. Ubaki, ndugu yangu."

"Wewe ulikaa huku bila kitu. Nitakaa kule bila kitu. Angalau hawajui uso wangu."

Asubuhi ya kuondoka walisimama pwani wakati mitumbwi inapakiwa masufuria. Hippolyte alijaribu. Alisema, "Basi Mbuzi..." akakoma, kwa sababu kilichotoka hakikuwa utani. Kilikuwa tusi. Gershom akampa mkono kama watu wa ukoo mmoja wanavyopeana, kwa heshima, macho chini. Akapanda.

Siku chache baadaye Obvious alikuja shambani kwa Hippolyte akiwa na wenzake. Alisema shamba lilitolewa na mtu asiye na la kutoa. Hakupiga kelele, hakuhitaji. Hippolyte na Agnès walifunga godoro na masufuria, wakarudi Mantapala kwenye udongo usiowapenda. Thelma alimtumia ujumbe arudi kazini, wenye mradi wameandika barua ya kuomba radhi na sasa kila kanda itasikilizwa hadi mwisho na watu wawili. Hakurudi. Vijiji vingine vilikuwa vimekwisha tuma wazee wao maktabani kusema makopo yenye majina yao yasifunguliwe, na Thelma alikuwa ameyarudisha kwenye kabati.

Basi vilivyokwenda ni hivi. Jina moja la mkuu, ambalo hakuna atakayelirithi. Nyumba saba za pwani, zilizong'olewa bati na kuachwa kuta. Makaburi manne ya akina Bwembya, ambayo waliokuwa wakiyafagia wako ng'ambo. Mtani mmoja. Shamba moja la muhogo, lililokuwa limebakiza msimu mmoja kuiva, na ambalo Obvious alilivuna. Mahali pa Agnès pa kuanikia dagaa, na wateja wake. Makopo arobaini ya kanda yaliyofungiwa, mengi yao ni nyimbo tu. Kwa Luse, majirani aliokula nao maisha yake yote. Na mwaka wa mwisho wa shule wa Suwilanji, aliyebakiza muhula mmoja afanye mtihani, na ambaye sasa yuko Pweto, ambako shule ni za Kifaransa asichokijua, anauza samaki.